Kununua pikapu ya kuvuta tela: namna ya kupima uimara wa injini na uwezo wa kuvuta

Anza na tela, pikapu ifuate. Wanunuzi wengi hupenda gari kwanza, wakalilipia, ndipo wakauliza litavuta nini. Jibu hulipata kwenye mlima wa kwanza, mshale wa joto ukipanda. Injini iliyotembea miaka kumi bila usumbufu ikibeba dereva na mizigo midogo inaweza kufa katika msimu mmoja wa kuvuta tani tatu. Hapo hakuna muujiza. Kila udhaifu uliokuwa umelala huamka injini inapofanyishwa kazi karibu na kikomo chake kwa nusu saa mfululizo: rejeta iliyoziba nusu, noza inayovuja kidogo, oili ya giaboksi iliyoungua. Ndiyo maana "injini hii inadumu?" na "gari hili linavuta kiasi gani?" ni maswali ya kupimwa pamoja.

Mwongozo huu unahusu zaidi pikapu zilizotumika, kwa kuwa huko ndiko kosa moja hugharimu injini nzima. Anayenunua mpya anaweza kuruka ukaguzi wa hatua ya 5, lakini hesabu za uzito asiziruke.

Hatua ya 1: Jua uzito wa tela lako

Lipakie tela kama utakavyolitumia, ulipeleke kwenye mizani ya magari, ulifungue kutoka kwenye gari na kulipima lote peke yake, pamoja na gurudumu dogo la mbele. Pasipo mizani, piga hesabu ya shehena kisha uongeze uzito wa tela tupu ulioandikwa kwenye bamba lake. Lita 1,000 za maji ni tani 1. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama tani 1.6, na ukiloa hukaribia tani 2. Mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 ni tani 2. Watu hukosea zaidi kwenye mchanga na kokoto, kwa sababu tela huonekana halijajaa ilhali limeshapita kikomo.

Kipimo cha pili ni uzito unaokalia tobaa, yaani chuma cha nyuma ya gari kinachofungiwa tela: ni sehemu ya uzito wa tela inayolemea mkia wa gari. Mizani ya bafuni haiwezi kubeba kilo 300, lakini inaweza kusaidiwa. Weka ubao imara juu ya vituo viwili, tofali upande mmoja na mizani upande wa pili, umbali wa sentimita 90 kati yake. Soma kwanza uzito wa ubao wenyewe. Kisha shusha mkono wa tela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Toa uzito wa ubao, zidisha kinachobaki kwa 3. Tela liwe limesimama usawa, na mkono uwe kwenye kimo kilekile cha tobaa. Ukiuinua au kuushusha, namba inabadilika.

Kwa tela zito linalovutwa nyuma ya pikapu, lenga asilimia 10 ya uzito wa tela. Marekani hukubali hadi 15. Ulaya kawaida ni pungufu zaidi, 4 hadi 7, kwa sababu matela ya huko yamebuniwa ekseli zikiwa karibu na katikati na mwendo wa tela barabarani umewekewa kikomo kisicho kikubwa. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli za tela, mkono unakuwa mwepesi, na tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki likifika mwendo fulani. Kuyumba huko hakuponi kwa injini kubwa. Dawa yake ni kusogeza mzigo mbele.

Hatua ya 2: Namba nne za gari, na moja ambayo matangazo huificha

Tafuta bamba la kiwanda kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, pamoja na kitabu cha gari. Unahitaji uzito mtupu wa gari, uzito wa juu kabisa wa gari likiwa limepakia, uzito wa juu wa tela, na uzito wa juu wa msafara, yaani gari na tela kwa pamoja. Namba hiyo ya mwisho ndiyo matangazo hayaisemi, na mara nyingi ndiyo inayobana kwanza.

Chukua mfano wa dabo kabini yenye namba zinazofanana na za pikapu nyingi za kati: uzito mtupu kilo 2,100, uzito wa juu likiwa limepakia 3,050, tela 3,500, msafara 5,850. Tangazo litakwambia linabeba karibu tani moja na linavuta tani tatu na nusu. Vyote ni kweli, lakini si kwa safari moja. Ukilipakia gari hadi 3,050, tela linalobaki kuruhusiwa ni 5,850 kutoa 3,050, yaani kilo 2,800. Ukivuta tela la 3,500, gari lenyewe lisizidi 2,350. Toa uzito mtupu: umebakiwa na kilo 250 za watu, ngao ya mbele, kava la bodi, vifaa na betri ya ziada. Watu wanne wa kilo 80 wameshapita.

Halafu kuna ekseli ya nyuma. Tobaa iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo mzigo wake hufanya kazi ya wenzo. Ikiwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3.1, na tobaa iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, kilo 350 juu ya tobaa huongeza ekseli ya nyuma kilo 350 mara 4.3 gawanya kwa 3.1. Jibu ni karibu kilo 485. Hizo kilo 135 za ziada zimetoka kwenye matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Usukani ukiwa mwepesi ajabu ukivuta tela, hiyo ndiyo sababu. Linganisha jumla hiyo na kikomo cha ekseli ya nyuma kilichoandikwa kwenye bamba. Kuongeza springi ngumu kunainua mkia wa gari tu; kikomo cha ekseli hakipandi hata kilo moja.

Tela lisilo na breki zake lina kikomo chake, na kwa pikapu nyingi ni kilo 750. Zaidi ya hapo tela liwe na breki zake, za umeme au za kusukumwa na mkono wa tela.

Kwa kazi ya kila wiki, tunashauri uzito wa tela usizidi asilimia 80 ya kikomo kilichoandikwa. Kikomo cha kiwanda kimepimwa kwenye gari jipya, rejeta safi, matairi mapya. Lako halitakuwa hivyo.

Hatua ya 3: Nguvu kiasi gani inatosha?

Kipimo kizuri ni mlima mrefu. Fikiria msafara wa tani 5 ukipanda mwinuko wa asilimia 6, yaani mita 6 juu kwa kila mita 100 mbele, kwa kilomita 80 kwa saa. Mlima peke yake unavuta nyuma kwa Nyutoni 2,940. Matairi yanakula kama 600. Upepo kwenye tela lenye kifua cha mraba, kama 800. Jumla ni takriban 4,340, sawa na kilowati 96 kwenye matairi. Giaboksi, propela shafti na difu zinakula kama asilimia 15, kwa hiyo injini inatakiwa itoe kilowati 113 bila kupumzika hadi kileleni.

Sasa weka injini mbele ya namba hiyo. Dizeli ya zamani ya lita 3 isiyo na tabo, yenye kilowati kama 70, itapanda mlima huo kwa kilomita 55 kwa saa, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Haitakufa kwa hilo ikiwa inapozwa vizuri. Ni taratibu tu. Dizeli ya kisasa yenye tabo na kilowati 130 itakwenda 80, lakini itakuwa ikitumia karibu asilimia 87 ya uwezo wake wote. Yenye 150 itatumia 75. Pengo hilo kati ya kinachohitajika na kilichopo ndilo linalonunua maisha ya injini. Dizeli inayotoa kilowati 113 hutupa makumi ya kilowati nyingine za joto kwenye maji ya rejeta wakati huohuo, na joto hilo lazima litoke.

Toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ni habari nyingine. Kilowati huamua kasi ya kupanda. Toki inayopatikana kwenye mizunguko ya chini, kati ya 1,500 na 2,500 kwa dakika, huamua kama utaondoka kwenye mteremko bila kuchoma klachi, na kama giaboksi itatulia au itahangaika kupanda na kushuka gia. Pikapu ya petroli yenye kilowati nyingi na toki ya juu huko 4,000 itavuta vizuri, lakini itapiga kelele na kunywa. Kwa anayevuta mara mbili kwa mwaka, petroli rahisi isiyo na tabo ni chaguo la busara kuliko dizeli yenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Kwa anayevuta kila siku, dizeli.

Miinuko ya nchi nayo ina kodi yake: injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Yenye tabo hupoteza kidogo sana. Matairi makubwa kuliko ya kiwanda nayo hula nguvu kimyakimya. Ukiongeza kipenyo kwa asilimia 8, msukumo wa tairi barabarani unapungua karibu kwa kiasi hichohicho katika kila gia. Pikapu iliyoinuliwa na kuvalishwa matairi makubwa hupendeza, lakini kwa kazi ya tela imeshapunguzwa.

Unapolinganisha vikomo vya viwanda, uliza vimepimwaje. Marekani kuna kanuni ya kupima uwezo wa kuvuta, SAE J2807, ambayo Toyota ilitangulia kuitumia kwa pikapu yake ya Tundra ya 2011. Inadai, pamoja na mengine, kupanda mlima wa Davis Dam huko Arizona, zaidi ya kilomita 18, katika joto la angalau nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa mwendo usiopungua kilomita 64 kwa saa kwa pikapu zenye gurudumu moja kila upande wa nyuma. Kanuni ya Ulaya inadai msafara uliojaa uweze kuondoka mara tano ndani ya dakika tano kwenye mwinuko wa asilimia 12. Jaribio hilo la pili ni la klachi na gia ya kwanza. Halisemi lolote kuhusu rejeta baada ya nusu saa ya mlima. Kwa hiyo pikapu mbili zenye 3,500 kwenye karatasi zinaweza kutofautiana sana njiani.

Hatua ya 4: Jua ugonjwa wa familia ya injini

Kila familia ya injini ina mahali pake pa kuumia. Usinunue jina lililobandikwa kwenye mlango wa nyuma. Nunua namba ya injini, maana jina moja la gari hubeba injini tofauti kwa miaka tofauti.

Toyota 1KD na 2KD, za Hilux kabla ya 2015, ni imara lakini zina mkanda wa taimingi unaotaka kubadilishwa kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Balaa lake kubwa liko kwenye shaba za noza, yaani washa za shaba zinazoziba chini ya noza. Zikianza kuvuja, gesi ya mwako hupenya hadi kwenye oili, masizi huganda, na chujio la kunyonyea oili lililo ndani ya sampu huziba. Taa ya oili ikiwaka, beringi za krankishafti zimeshakatika. Kwa injini hizi, uliza moja kwa moja: shaba za noza zilibadilishwa lini, na sampu ilifunguliwa? Mazda na Ford za zamani zenye injini za lita 2.5 na 3.0 za kizazi cha kabla ya 2011 zina ugonjwa unaofanana sana. Hilux za baadaye zilizopata 1GD na 2GD zina cheni, lakini za mwanzo zilisumbua kwa chujio la masizi kuziba.

Nissan YD25 ya Navara hujulikana kwa cheni ya taimingi inayolegea, na ikikatika hupiga valvu. Sikiliza mlio wa kukwaruza mbele ya injini inapowashwa ikiwa baridi, na kwenye mizunguko kama 2,000. Mitsubishi 4D56 ina mikanda miwili, wa taimingi na wa shafti za kusawazisha. Ule mdogo ukikatika huweza kuingia kwenye mkubwa, kwa hiyo hubadilishwa yote miwili pamoja. Isuzu 4JJ1, lita 3, hutumika pia kwenye malori madogo na mashine za kuchimba, na tunaipa heshima kubwa kwa kazi ya tela.

Ford ya lita 3.2 yenye silinda tano ina pampu ya oili inayoweza kushindwa kunyonya ikiwa oili imeachwa ichuruzike zaidi ya dakika 10 wakati wa kubadilisha. Fundi asiyejua hilo huua injini nzima kwa uvivu wa chakula cha mchana. Ford ya lita 2.0 ya dizeli ya miaka ya kwanza ina mkanda unaokaa ndani ya oili. Oili isiyo ya aina iliyoelekezwa huula mkanda huo, na vipande vyake huziba chujio la pampu.

Kwa pikapu kubwa za Marekani, dizeli ya lita 6.0 ya Ford ya 2003 hadi 2007 inajulikana kwa gasketi za silinda hedi na kipozeo cha moshi unaorudishwa; inunue tu ikiwa kazi hiyo imeshafanywa kwa ushahidi. Upya nao si kinga. Mwaka 2024 Toyota iliita tena Tundra za 2022 na 2023 kwa mabaki ya chuma yaliyosahaulika ndani ya injini ya V6. Mwaka 2025 General Motors iliita tena V8 za lita 6.2 za 2021 hadi 2024 kwa kasoro za krankishafti na koni rodi. Kwa gari lolote, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mwito wa kiwanda uone kama kazi imefanywa.

Hatua ya 5: Ukaguzi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha gusa injini kwa mkono. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine. Injini iliyopashwa huficha karibu kila kitu kilichoandikwa hapa chini.

Fungua kifuniko cha rejeta au cha tangi la maji. Maji ya rangi ya kutu, au yenye utando wa mafuta, ni mwisho wa mazungumzo hadi ithibitishwe kulikoni. Toa dipustiki. Oili nyeusi kwenye dizeli ni kawaida. Oili iliyozidi alama ya juu si kawaida: huenda dizeli imeingia ndani yake kwa noza kuvuja au kwa chujio la masizi kushindwa kujisafisha, na oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi chini ya mzigo. Nusa. Fungua eya klina, upitishe kidole upande wa ndani, ule unaoelekea injini. Vumbi hapo lina maana kwamba pete za pistoni zimekuwa zikisagwa kwa mchanga, na hakuna huduma itakayolirudisha hilo.

Washa. Dizeli nzima hushika ndani ya sekunde chache. Moshi wa bluu ni oili. Mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua, mara nyingi noza au kompresheni. Mweupe usioisha wenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Mweusi ukikanyaga ghafla ni mafuta yaliyozidi hewa, kwa tabo iliyochoka au hosi iliyopasuka. Acha injini ingurume, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukiweke juu ya tundu kichwa chini. Kikitikisika, sawa. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo, gesi inapita kwenye pistoni.

Shika hosi kubwa ya juu ya rejeta dakika mbili baada ya kuwasha. Maji hayajapata moto bado. Hosi ikiwa ngumu kama jiwe, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Thibitisha kwa kipimo cha kemikali kinachowekwa mdomoni mwa rejeta: maji yake ya bluu yakigeuka kijani au njano, gasketi au silinda hedi imekwenda. Tela ndilo linaloleta ugonjwa huu, na ndilo litakaloufichua kwako ukiwa umeshalipa.

Sasa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Usiishie kwenye misimbo ya hitilafu, kwa sababu hufutwa kwa dakika moja. Angalia gari limetembea kilomita ngapi tangu misimbo ifutwe. Angalia masahihisho ya noza, yaani kiasi cha mafuta ambacho kompyuta huongeza au kupunguza kwa kila silinda, injini ikiwa moto na haijakanyagwa. Kwa mifumo mingi ya Denso tunataka kila silinda ibaki ndani ya 3 juu au chini ya sifuri. Moja ikiwa mbali na nyingine, ulipie jaribio la marejesho ya noza, linalopima dizeli ambayo kila noza inairudisha, kabla ya kupatana bei. Ukiweza, pima na kompresheni. Linganisha na kitabu cha injini, lakini kilicho muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi asilimia 10, kuna inayochoka peke yake.

Kwa gari la bei kubwa, chukua oili kidogo uipeleke maabara. Silika nyingi ni vumbi, shaba na risasi ni beringi, chuma ni silinda na shafti. Ni gharama ndogo ukilinganisha na oveholi.

Hatua ya 6: Kinachobeba mvutano

Lala chini ya gari. Tazama chesisi nyuma ya kabini, kwenye vishikizo vya springi, na pale tobaa ilipofungwa. Nyufa huanza kwenye kingo za matundu na za welding. Gonga kwa nyundo ndogo ndani ya reli za nyuma: sauti butu na unga wa kutu ni chesisi inayooza kutoka ndani. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu ifanyie upelelezi.

Tobaa iwe na bamba lake. Kwenye nyingi kuna thamani D, kwa kilonyutoni: zidisha uzito wa juu wa gari kwa uzito wa juu wa tela, kwa tani, gawanya kwa jumla yao, zidisha kwa 9.81. Gari la 3.05 na tela la 3.5 hudai D ya 16. Tobaa ya D 11 kwenye gari hilo inakupunguzia tela, hata injini iwe ya aina gani. Pima tufe la milimita 50 kwa kalipa. Likifika 49, limekwisha.

Giaboksi ya otomatiki: toa oili kidogo. Nyekundu safi, vizuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua, usinunue. Ukiendesha kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa kwa kukanyaga kidogo, mtetemo kama wa barabara yenye matuta madogo ni wa kigeuzi cha toki kinachochoka. Giaboksi ya kawaida: weka gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga hadi chini. Mizunguko ikipanda gari lisiongeze mwendo, klachi imeisha. Mlio wa difu unaobadilika unapoachia mafuta ni wa meno au beringi.

Hatua ya 7: Jaribu na tela

Kuendesha pikapu tupu mtaani hakukupi chochote. Patana na muuzaji, azima au kodi tela lenye angalau nusu ya uzito utakaouvuta, ukapande mlima mrefu ulio karibu kwa dakika 15 au zaidi. Mashine ya kusoma kompyuta ikae imechomekwa. Maji yatulie kati ya nyuzi 85 na 100; yakipanda bila kusimama, kuna tatizo kwenye rejeta, feni au pampu. Oili ya giaboksi ya otomatiki ikae chini ya 110. Ikizidi 120 inazeeka haraka, na kipozeo cha ziada ni lazima. Kileleni simama, acha injini ingurume dakika tatu, fungua boneti, tafuta kinachovuja. Kisha teremka kwa gia ya chini ukiangalia kama injini inashikilia msafara, au kama breki zinafanya kazi yote na kuanza kunuka.

Muuzaji akikataa jaribio hili kwa gari linalotangazwa kuwa la kuvuta, usimpe pesa.

Hatua ya 8: Kabla ya safari ya kwanza ya kazi

Tenga fungu la fedha kwa ajili ya hii kabla ya kupatana bei. Badilisha oili ya injini na filta, filta ya dizeli, oili ya giaboksi, difu zote mbili na transfa, maji ya rejeta na ya breki. Mkanda wa taimingi usio na risiti uhesabu kuwa umeisha, uubadilishe pamoja na rola na pampu ya maji. Kwa 1KD na 2KD weka shaba mpya za noza, ushushe sampu, usafishe chujio. Osha rejeta kwa nje, kutoka upande wa injini kwenda mbele, na usafishe nafasi kati yake na kondensa ya kiyoyozi, ambako udongo na nyasi hujificha.

Baada ya hapo, gari linalovuta kila siku lihudumiwe kwa nusu ya kilomita za kitabu: kama kitabu kinasema oili kila 10,000, badilisha kila 5,000. Oili ya giaboksi ya otomatiki, kila 40,000 hadi 60,000, hata pale kitabu kinapodai ni ya maisha. Angalia kiasi cha maji na oili asubuhi ya kila safari yenye tela, na kaza upya nati za tairi za tela baada ya kilomita 50 za kwanza.